Honi Bubu ya Beetle: Anza na Njia ya Kurudi

Honi ya gari la zamani ikinyamaza, wengi hukimbilia dukani kununua nyingine. Mara nyingi honi haina kosa. Njia ya umeme ndiyo iliyokatika. Kwenye Volkswagen Beetle za miaka ya 1960 na 1970, upande wa kushukiwa mapema ni ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Hivi ndivyo ulivyopatikana ubovu katika gari moja la volti 12.

Tuanze na mpangilio. Ukishawasha swichi ya ufunguo, umeme wa chanya hupita kwenye fyuzi na kuisubiri honi muda wote. Kazi ya kitufe cha usukani ni kufunga upande wa hasi: kinaiunganisha honi na mhimili wa usukani, mhimili unashika boksi ya steringi, na boksi inashika chuma cha gari. Kati ya mhimili na boksi kuna kisahani cha mpira cha kupunguza mtikisiko. Mpira haupitishi umeme, kwa hiyo umeme huvushwa hapo kwa kipande kifupi cha waya.

Njia ikiwa moja, igawe katikati uone nusu ipi ni nzima. Katikati yake ni honi yenyewe, iliyofungwa chini ya madigadi ya mbele kushoto. Tuligusisha taa ya kupimia kwenye waya wa chanya na ncha ya pili kwenye bodi: ikawaka kwa nguvu. Kisha waya mfupi ukatolewa terminali ya pili ya honi hadi kwenye bodi: honi ikalia. Kwa vipimo hivyo viwili, fyuzi, waya wote wa chanya na honi vikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Kwa hatua hii taa ya balbu inafaa kuliko multimeta. Multimeta huvuta umeme kidogo mno, hivyo itasoma volti 12 hata kwenye kiungo kilicholiwa na kutu. Balbu huvuta umeme wa kutosha, na kiungo dhaifu hujifichua kwa mwanga hafifu.

Ikabaki nusu ya usukani. Tuliunganisha mhimili na bodi kwa waya, tukabonyeza kitufe, honi ikalia. Kitufe ni kizima. Ubovu uko chini yake, kwenye kisahani cha mpira. Kweli, waya wa kuvusha ulikuwa umeoza nchani. Hapo ndipo multimeta ilipofaa: ilipowekwa pande mbili za kisahani huku kitufe kimebonyezwa, ilisoma karibu volti zote za betri. Baada ya kufunga waya mpya na kusugua chuma kwa msasa, ikashuka karibu na sifuri.

Kwa Beetle kongwe za volti 6, usafi huu ni wa lazima zaidi. Volti 1 ikipotea kwenye kiungo kichafu, gari la volti 12 limepoteza sehemu moja ya kumi na mbili. La volti 6 limepoteza moja ya sita.

Zipo njia za mkato. Mmoja atatoboa dashibodi afunge kitufe kipya. Mwingine ataweka rilei, na kwa kuwa koili yake huvuta umeme kidogo, kiungo kibovu kitaweza kuiendesha na honi italia. Siziungi mkono kama tiba, kwa sababu zote mbili zinamwepusha fundi na mahali anapopaswa kufika. Kisahani kile ndicho kinachopeleka mkono wa dereva kwenye magurudumu. Ukikifikia kwa ajili ya waya, kikague: kama mpira umepasuka au boliti zimelegea, vishughulikie kabla gari halijarudi barabarani. Honi inaweza kusubiri, usukani hausubiri.