Tusisahihishe wazee wetu



Kila mara watu wanapoongea juu ya waimbaji wa kitambo wa Katanga, wanaanza na vidole. Wanasema: Mwenda Jean-Bosco, mutoto wa Bunkeya, alikuwa na gita moja, lakini sikio lilisikia mbili. Ni kweli. Kidole gumba kilitembeza sauti za chini, kidole cha pili kikaimba juu. Hugh Tracey alimukuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, katika mwaka 1952, akanasa « Masanga », na wimbo ule ukazunguka dunia. Katika miaka 1961 na 1962, mwalimu mumoja wa Uingereza, David Rycroft, akatoa masomo mawili juu ya gita ya Mwenda. Katika mwaka 1969 Mwenda mwenyewe akapiga Newport, kule Marekani.

Sisi tunafurahi. Lakini tunauliza: na maneno je? Wageni walishika vidole, sababu vidole havina luga. Maneno walituachia sisi, na sisi tumeyafanya nini?

Tukumbuke yalitoka wapi. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilikusanya watu kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vyetu. Kiswahili njo kilikuwa nyumba ya wote. Mwenda, Losta Abelo, na Edouard Masengo aliyeimba na JECOKE, wale vijana wa komini Kenya, waliimba katika luga ile: juu ya bibi na bwana, juu ya franga, juu ya kukaa mbali na jamaa. Waliimba sawa vile muzee anakemea mutoto huku anacheka: hasira hakuna, lakini shauri linabaki ndani ya moyo.

Sasa kuko zoezi moja tunaloona katika masomo yetu, nalo halitupendezi. Mwalimu anapenda wimbo wa kitambo, anauandika kwa ubao, lakini mbele ya kuuandika anausahihisha. Anafuta « batu », anaweka « watu ». Anafuta « banaikala », anaweka « wanakaa ». Anaona ameusafisha. Kumbe ameuvunja! Hesabu vipande vya sauti: ba-na-i-ka-la ni vitano, wa-na-ka-a ni vinne. Gita inangojea kipande cha tano, na hakiji. Ule muziki ambao Wazungu waliandika kwa uangalifu sana, ulizaliwa pamoja na maneno haya. Ukigusa moja, umegusa lingine.

Wenzetu watajibu: « Wanafunzi watazoea Kiswahili kibaya, na siku ya mtihani wataanguka. » Woga huo tunauelewa, sisi pia tunasahihisha makaratasi. Lakini tunapofundisha La Fontaine, ni nani anayefuta Kifaransa chake cha kitambo? Neno linabaki pale lilipo, maelezo yanawekwa chini ya ukurasa. Heshima tunayomupa Mufaransa, tumunyime muzee wa Bunkeya? Hata kule Nairobi, Masengo alipoenda kuimba, watu hawakumungojea ajifunze kwanza Kiswahili cha Unguja. Walimusikiliza na kumupenda, na wapiga gita wa kule walijifunza kwake.

Tunasema hivi kwa haraka, sababu wakati unapita. Mwenda alikufa 1990, kwa ajali ya barabara kule Zambia. Masengo akafuata 2003. Katika disiki za zamani, maneno mengine yamemezwa na mikwaruzo. Mengine yanasikika, lakini maana yake ni ya mafumbo ya kambi na ya kijiji, na kamusi haitakusaidia. Wanaoweza kutuambia ni wale walioyasikia wangali vijana, na hao sasa ni wazee sana.

Kwa hiyo shauri letu ni dogo. Mwalimu anayependa nyimbo hizi achague moja tu. Aisikilize pamoja na wanafunzi na muzee mumoja wa mutaa. Waandike kila neno vile linavyoimbwa. Kisha, pembeni, waweke maelezo kwa Kiswahili bora. Mutoto atajifunza Kiswahili mara mbili: kile cha mtihani, na kile ambacho babu yake alichekea na kulilia. Na kama pale pembeni kunabaki neno moja ambalo hakuna anayelijua, waliache vilevile. Wasilibadilishe.