Kalamu ya yuniti 300 haitoi yuniti 300

Kalamu ya insulini iliyojazwa kiwandani kwa kawaida ina mililita 3 za dawa, na kila mililita ina yuniti 100. Anayejidunga yuniti 20 kila usiku hugawanya 300 kwa 20, akapata siku 15, akapanga safari ya kufuata dawa kwa hesabu hiyo. Kwa mkazi wa Kiongoroni, katika delta ya Rufiji, anayengoja maji yajae ndipo boti itoke kwenda Nyamisati, na huko atafute gari la Kibiti, hesabu hiyo ni ya hatari.

Kilichosahaulika ni yuniti za kutoa hewa. Kabla ya kila dozi unafunga sindano mpya, unazungusha kitufe hadi 2, unaelekeza ncha juu na kubonyeza mpaka tone litokeze. Bila tone hilo huna hakika kama dawa itaingia mwilini au utajidunga hewa. Kwa hiyo dozi ya 20 inakula 22. Siku 13 zinamaliza yuniti 286. Usiku wa 14 zimebaki 14. Mbili zinatoa hewa, 12 unajidunga, na 8 za kukamilishia zinatoka kalamu mpya, nayo baada ya kutolewa hewa. Mtoto wa dozi ya yuniti 3 hutumia 5 kila mara, na mzazi asilaumiwe kwamba anamwaga dawa.

Mwenye dozi ya 8 kwa siku, akiongeza 2 za kutoa hewa, atahesabu siku 30, lakini hapo kinachoamua ni kalenda: kalamu nyingi zikishaanza kutumika hudumu siku 28 tu. Andika tarehe ya kuanza kwenye kalamu yenyewe. Ukimaliza kujidunga hesabu hadi 10 ndipo uchomoe, kisha fungua sindano uitupe kwenye chombo kigumu. Ikiachwa, hewa huingia na dawa huvuja. Na kalamu haichangiwi, hata na mke au mtoto, hata sindano ikibadilishwa, maana damu huweza kurudi ndani.

Kuhusu joto kuna habari njema. Utafiti wa shirika la madaktari la MSF na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa 2021, uliweka insulini katika joto la nyuzi 25 hadi 37, kama la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, kwa wiki 4. Nguvu yake haikupungua kuliko ya jokofuni. Hiyo si ruhusa ya kuianika juani kwenye boti. Chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, husaidia kuipoza. Barafu isiiguse, kwani ikiganda ni ya kutupa.

Kwa dozi ya 20, ondoka siku ya 10. Baada ya dozi ya usiku huo zitakuwa zimebaki yuniti 80, dozi 3 kamili, endapo maji mafu yataikwamisha boti kijitoni.