Risasi Zilizotoka Baharini: Kazi ya Neu-Moshi, 1915

Mapigano ya Jasini, mpakani mwa Tanganyika na Kenya ya leo, yalimalizika Januari 1915 kwa ushindi wa Wajerumani, na ushindi huo ndio uliomnyima kamanda wao usingizi. Kwa siku mbili, tarehe 18 na 19, jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limefyatua risasi zipatazo 200,000. Alipopiga hesabu ya akiba iliyobaki, aliona ana uwezo wa kupigana vita vya namna hiyo mara tatu tu, basi. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, na ndani ya koloni la Wajerumani hapakuwa na kiwanda cha risasi.

Shehena ilikuja miezi mitatu baadaye, lakini ilikuja imelowa. Meli ya Rubens, iliyosafiri kwa jina bandia la Kronborg na bendera ya Denmark, ilibeba makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyojificha Rufiji, pamoja na bunduki na risasi za jeshi la nchi kavu. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Kiingereza HMS Hyacinth iliifukuza hadi Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Nahodha Carl Christiansen akaingiza maji melini kwa makusudi, kisha akawasha moto juu ya sitaha. Waingereza walipoona ndimi za moto waliridhika kwamba meli imekwisha, wakaondoka. Chini ya maji yale ya kina kifupi shehena ilikuwa salama, na wapiga mbizi wakaanza kuiopoa.

Hapo ndipo swali la ufundi linapoanzia. Risasi iliyolala baharini ina thamani gani?

Risasi ya bunduki ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, ganda la shaba ya njano, baruti ndani ya ganda, na fataki kwenye kitako. Pini ya bunduki huigonga fataki, fataki hutoa cheche, cheche huwasha baruti. Maji ya chumvi hayaziharibu sehemu hizi kwa kiwango kimoja. Kichwa hakidhuriki. Ganda hushika kutu ya kijani, lakini likiwahiwa husafishika. Kuhusu baruti, bahati ilikuwa upande wa Wajerumani: bunduki ya Mauser ya modeli ya 1898 ilitumia baruti isiyo na moshi, ambayo msingi wake ni nitroselulosi, kitu kisichoyeyuka majini. Vipande vyake vinaweza kuoshwa chumvi, vikaanikwa, vikawaka tena. Zingekuwa risasi za bunduki kuukuu za 1871, ambazo askari wengi walianza nazo vita, habari ingekuwa nyingine. Baruti ile nyeusi ni makaa, salfa na shura, na shura ikikutana na maji huyeyuka ikaenda zake. Kinachobaki hata ukikikausha wiki nzima ni makaa na salfa tu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye fataki. Fataki za zama zile kwa kawaida zilikuwa na mchanganyiko wa fulminati ya zebaki na klorati ya potasiamu, na klorati nayo huyeyuka. Fataki iliyoingiwa na maji yaweza kukauka, ikang'aa, ikaonekana nzima kabisa, kisha ikagoma siku inapohitajika. Kwa macho huijui.

Kumbukumbu za Lettow-Vorbeck zinaeleza walivyofanya. Risasi zote zilifumuliwa, baruti ikasafishwa, na baadhi ya fataki zikabadilishwa kwa fataki nyingine zilizopatikana humo humo kolonini, ingawa zilikuwa za muundo tofauti. Kazi ilifanyika Neu-Moshi, mwisho wa reli itokayo Tanga. Kwa miezi kadhaa askari na wapagazi wote walioweza kupatikana walishinda hapo tangu asubuhi hadi jioni, wakifumua na kufunga.

Hayo maneno "muundo tofauti" yanabeba uzito mkubwa kuliko yanavyoonekana. Fataki hukaa kwenye kishimo kidogo kitakoni mwa ganda. Katika risasi za Kijerumani kishimo hicho kilikuwa cha mtindo wa Berdan: katikati yake kuna kinundu cha shaba ambacho ni sehemu ya ganda lenyewe. Hicho ndicho fuawe. Pini inapogonga, dawa ya fataki husagwa kati ya pini na fuawe, na msago huo ndio unaozaa cheche. Pembeni mwa fuawe kuna matundu mawili membamba ya kupitishia moto. Kwa kuwa tundu haliko katikati, huwezi kuingiza kijiti mdomoni mwa ganda ukaisukuma fataki nje kwa pigo moja. Lazima uing'oe kutoka nyuma bila kukikwaruza kishimo wala kulipinda fuawe. Zidisha kazi hiyo kwa shehena ya meli, na miezi ile ya Neu-Moshi inaeleweka.

Fataki ikishang'olewa, kishimo chenyewe nacho kinataka kuangaliwa. Wapenda shabaha wanaojaza upya maganda yao leo, hasa Marekani, hubishana bila kuchoka kama kuna haja ya kukisafisha kishimo kila mara. Wanaosema hakuna haja wana hoja. Fataki ya kisasa huacha jivu jepesi, na wengi hujaza ganda lile lile mara kadhaa bila kuligusa jivu hilo, na risasi zinawaka. Wanaosafisha nao wana yao: fataki inatakiwa ikae chini kidogo ya usawa wa kitako, nayo iguse mwisho wa kishimo. Uchafu ukijaa chini yake, inabaki imeinuka. Pini ikigonga, nguvu yote inaishia kuisukuma fataki mahali pake, mfano wa seremala anayepigilia msumari kwenye ubao unaoning'inia. Ndiyo maana risasi ya namna hiyo mara nyingi hugoma pigo la kwanza ikawaka la pili.

Kwa mlenga shabaha, basi, jibu hutegemea kilichomo kishimoni na kiasi gani cha makosa anaweza kuvumilia. Ukiipeleka kanuni hiyo Neu-Moshi, hakuna ubishi unaobaki. Kilichokuwa kishimoni hakikuwa jivu. Kilikuwa chumvi ya bahari, ambayo hunyonya unyevu wa hewa hata ganda likishakaushwa, pamoja na kutu ya kijani, ambayo ni ngumu na huendelea kukua. Vitu hivyo vikitanda juu ya fuawe, pigo la pini hupungua nguvu. Vikiziba tundu, cheche haifiki kwenye baruti. Juu ya hayo, fataki mpya hazikuchongwa kwa ajili ya vishimo vile. Iliyo ndefu kidogo huchomoza, iliyo fupi huzama mbali na pini. Hata kishimo kikisafishwa kikang'aa, tofauti ya muundo ingebaki palepale. Mafundi walikuwa na kikomo ambacho bidii isingeweza kukivuka.

Ubora wa kazi ile, kwa maoni yangu, unaonekana zaidi katika walichokifanya baada ya kufikia kikomo hicho. Risasi hazikurudishwa zote kwenye chungu kimoja. Akiba ya zamani, ile isiyoingia maji, ilitengwa kwa ajili ya bombomu peke yake. Zile zilizotengenezwa upya, ambazo ziligoma kwa kiasi cha asilimia 20 hivi, zilipelekwa vitani. Zilizogoma zaidi ya hapo zikawa za mazoezi.

Pima mgawanyo huo kwa hesabu. Bombomu ya aina ya Maxim hujipakia kwa nguvu ya risasi iliyotangulia: risasi ikifyatuka, mtutu unarudi nyuma, ganda tupu linatupwa na risasi mpya inaingia. Moja ikigoma, mashine nzima inasimama hadi mtu aivute kwa mkono. Mkanda wa risasi 250 wenye asilimia 20 ya migomo ungesimama mara 50 hivi. Silaha hiyo isingekuwa bombomu tena.

Bunduki ya mkono haina udhaifu huo, kwa kuwa nguvu ya kupakia inatoka kwa askari mwenyewe. Klipu yake ina risasi 5. Kwa kiwango kile cha migomo, klipu inayofyatuka yote bila kugoma hata mara moja ni kama moja katika tatu. Ni adha, hasa adui akiwa karibu, ila bunduki haifi. Tena kwa Mauser ya 1898, kuinua mkono wa komeo na kuushusha bila kulivuta nyuma kunaikaza pini upya, kwa hiyo fataki iliyokaa vibaya inaweza kupewa pigo la pili papo hapo.

Na kwenye mazoezi mgomo una faida yake. Mkufunzi yeyote wa shabaha anajua kwamba risasi isiyowaka humfichua askari anayeshtuka kabla ya mlio: bunduki iko kimya, lakini bega limeruka.

Mgawanyo huo haukuhitaji mashine wala dawa mpya. Ulihitaji kufyatua kiasi cha kila fungu ili kujua linagoma mara ngapi, kuyaweka mafungu mbalimbali, na nidhamu ya kutoyachanganya. Hapo ndipo karakana nyingi hushindwa, za risasi na zisizo za risasi. Fundi aliyehangaika na kitu kwa miezi hutamani kukiita kizima, na neno "kimetengenezwa" likishaandikwa juu ya sanduku hakuna anayeuliza kimetengenezwa kwa kiasi gani. Neu-Moshi walikubali kwamba nusu ya kazi ni kutengeneza, na nusu ya pili ni kusema kweli kuhusu kilichotengenezwa.

Karakana hiyo haikudumu. Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jan Smuts yaliingia Moshi. Mwezi huo huo meli ya pili, Marie, ilifika Ghuba ya Sudi karibu na Lindi na kushusha shehena kavu, iliyofungwa tayari kwa kipimo cha mzigo wa mpagazi. Somo la Rubens lilikuwa limefika Ujerumani. Baada ya hapo jeshi lilikuwa la kutembea, nalo likageukia risasi na bunduki za kuteka. Liliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, lilikabidhi bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno na risasi zipatazo 208,000. Kwa kipimo cha Jasini, hizo zingetosha vita moja.