Mhusika Havuki Peke Yake: Abunuwasi, Sungura na Mipaka ya Mfululizo wa Hadithi

Suala la mhusika anayetoka katika mfululizo mmoja wa hadithi na kuingia katika mwingine halijapewa uzito unaostahili katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Mara nyingi hutajwa kwa neno moja tu, "kuazima", kisha mhakiki hupita. Husemwa kwamba Abunuwasi ameazimwa kwa Waarabu, Bwana Msa kwa Waingereza, na Adili katika Alfu Lela Ulela. Neno hilo hufunika mambo ambayo hayafanani hata kidogo. Jina laweza kuvuka na kumwacha mtu nyuma. Mwenendo waweza kuvuka bila jina. Na mara nyingine msuko mzima huvuka, wala halibaki jina hata moja.

Abunuwasi ndiye mfano ulio karibu zaidi na msomaji. Abu Nuwas wa historia alikuwa mshairi wa Baghdad aliyefariki yapata mwaka 814, na sifa yake kubwa katika fasihi ya Kiarabu ni mashairi ya mvinyo. Katika masimulizi ya baadaye anageuka mcheshi wa baraza la Harun Rashidi. Alipozoeleka katika hadithi za Kiswahili, ushairi ulikuwa umekwisha kumtoka, na mvinyo pia (jambo lisiloweza kumshangaza yeyote anayekumbuka kwamba hadithi hizo zilisomwa na watoto wa shule). Kilichosalia ni ulimi wake na sultani wake.

Hata hivyo, mojawapo ya hadithi zake zinazojulikana sana, ile ya sufuria iliyozaa na baadaye ikafa, haimhitaji sultani. Mpinzani humo ni mwenye sufuria, aliyekubali kwa furaha kwamba chombo chake kimezaa na akakataa kwamba kimekufa. Hadithi hiyo hiyo husimuliwa Uturuki juu ya Nasreddin Hoja, na katika nchi za Kiarabu juu ya Juha. Je, huyo mwenye kuazima sufuria ni Abunuwasi, au ni Juha aliyepewa jina la Abunuwasi? Jibu linalotolewa hapa ni la pili. Mbele ya sultani, Abunuwasi hana mbadala, kwa kuwa ujanja wake ni ujanja wa mtu anayekula kwa mwenye nguvu, naye aweza kukatwa kichwa kabla ya jua kuchwa. Mbele ya mwenye sufuria hatari hiyo haipo, na mjanja yeyote angetosha.

Kutokana na mfano huo yaweza kudaiwa kwamba mhusika huvuka pale tu anapovuka pamoja na mpinzani wake. Akivuka peke yake, kilichovuka ni jina.

Dai hilo na lipimwe kwa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Asili yake ni kisa cha Abdallah bin Fadhili na nduguze katika Alfu Lela Ulela. Humo Harun Rashidi amekuwa Mfalme Rai, Abdallah amekuwa Adili, ndugu wawili Nasiri na Mansuri wamekuwa Hasidi na Mwivu, na mbwa waliokuwa wakipigwa kila usiku wamekuwa manyani. Hakuna jina lililovuka. Lakini mfalme anayedai kuelezwa, liwali anayewachapa nduguze huku moyo ukimuuma, na ndugu waliomtendea ubaya, wote wamevuka wakiwa wamesimama katika nafasi zao. Adili ni Abdallah kwa hakika kuliko Abunuwasi wa sufuria alivyo Abunuwasi. Lililopotea ni jambo jingine: mtu aitwaye Hasidi amekwisha kuhukumiwa siku alipopewa jina, na msomaji hangojei kuona atakuwa nani.

Kwa upande wa riwaya ya upelelezi, mengi yamesemwa kuhusu kiko cha Bwana Msa, kana kwamba kiko peke yake chathibitisha nasaba. Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimpa pia rafiki, Najum, ambaye huona kila kitu bila kukielewa upesi, na askari polisi, Spekta Seif. Huo ndio mpango wa hadithi za Sherlock Holmes: mwerevu, rafiki yake, na serikali. Kiko kingeweza kuachwa.

Yafaa kukumbuka yaliyompata Holmes mwenyewe alipovushwa kwa jina lake. Mwaka 1906 Maurice Leblanc wa Ufaransa alimwingiza katika mfululizo wa Arsène Lupin, mwizi muungwana. Holmes anafika akiwa amechelewa, na kabla hajaanza kazi Lupin amekwisha kumwibia saa. Conan Doyle alipolalamika, jina likapinduliwa likawa Herlock Sholmes. Malalamiko yalihusu jina, lakini madhara yalikuwa yamekwisha kutendeka mahali pengine: huyo alikuwa Holmes aliyeingia katika nyumba yenye bwana mwingine, na katika nyumba hiyo kila mpelelezi hushindwa. Bwana Msa, ambaye hakuchukua hata herufi moja ya jina hilo, yuko karibu zaidi na Holmes wa London.

(Willy Gamba wa Elvis Musiba, anayepelekwa Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979, hahusiki hapa ingawa msomaji wa Kongo hufurahi kumwona. Amevuka nchi, hakuvuka mfululizo.)

Mahali ambapo suala hili halibaki kuwa la vitabuni ni Irumu, katika Ituri. Wilaya hiyo iko pale msitu unapokwisha na nyika kuanza. Ni katika sehemu hizo, mwezi wa Disemba 1887, msafara wa Stanley, wenye wapagazi wengi kutoka Zanzibar, ulitoka msituni na kuona majani. Kilese na Kingiti ni lugha za Kisudani ya Kati. Kibira na Kihema cha kusini ni za Kibantu. Wenye lugha hizo wakutanapo sokoni au njiani kuelekea Bunia au Komanda, husemezana Kiswahili. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na mapigano yaliyofuata, viliwakusanya wengi wao katika kambi za wakimbizi, na humo haja ya lugha moja ilizidi.

Katika Kiswahili mjanja wa wanyama ana jina moja, Sungura. Waganda humwita Wakayima, Wachewa Kalulu, na tafsiri ya jina moja kwa jingine haileti shida, kwa kuwa wote ni mnyama yule yule wa nyika, na fisi yupo wa kudanganywa. Lakini katika hadithi nyingi za misitu ya Kongo mjanja ni mboloko, yule paa mdogo, kwa Waluba Kabuluku. Msituni hakuna fisi wala simba. Mwenye nguvu ni chui, na chui si mpumbavu mwenye njaa kama fisi. Huwinda kimya, tena usiku. Kumshinda fisi ni kicheko. Kumshinda chui ni kuokoka.

Mwanafunzi anayekusanya hadithi Irumu kwa Kiswahili husikia "Sungura" na kuandika "Sungura", kisha hadithi huingizwa katika fungu la hadithi za Sungura zinazojulikana tangu pwani. Pengine msimulizi alitaja Sungura kwa sababu msikilizaji wake hakujua jina la kwao. Chui aliyemo ndani ya hadithi ndiye shahidi wa pekee kwamba mjanja huyo hakutoka nyikani, na mara nyingi katika kichwa cha hadithi chui huyo hatajwi, kwa kuwa desturi ni kuipa hadithi jina la anayeshinda.

Ndiyo maana katika ukusanyaji wa nyanjani haitoshi kuuliza "Mhusika mkuu ni nani?" Msimulizi aulizwe pia mjanja huyo huitwaje katika lugha ya nyumbani kwake, na aliyedanganywa ni mnyama gani. Majibu hayo mawili yaandikwe juu ya karatasi, kabla ya neno Sungura.