Mizani ya Mawakili

Huku Kibimba, pande za Ngara na Biharamulo, Waislamu tu wachache, na wakili ni mtu wa kusikika redioni. Ndiyo maana habari za mwaka 2022 zilituuma. Katika Shule ya Sheria ya Tanzania, ambayo mhitimu wa sheria hana budi kuipita ndipo awe wakili, watahiniwa walikuwa 633. Waliofaulu mara moja ni 26 tu; 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakaondolewa. Waziri Damas Ndumbaro akaunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe.

Wako waliosema vijana ni wavivu, wengine wakasema Kiingereza chao kibovu. Hili la pili ndilo nataka kulipima.

Mtihani sharti uwepo. Wakili asiyejua kazi humpotezea yatima shamba lake, na machozi ya yatima si jambo dogo. Lakini Suratul Mutaffifin haikuteremka kwa ajili ya wauza nafaka peke yao. Mwenye kupima elimu naye ameshika mizani, na yafaa aulizwe ni kitu gani hasa alichoweka kwenye kitanga.

Mtoto wa huku husema Kihangaza nyumbani. Shule ya msingi ya serikali humfundisha kwa Kiswahili, na chuoni kwetu hujifunza herufi za Kiarabu. Afikapo sekondari, karibu masomo yote hugeuka Kiingereza ghafula, na huyo ndiye atakayekwenda kushindana na aliyekisema Kiingereza tangu chekechea ya kulipia. Karatasi ni moja, saa ni zile zile, na watu huita hiyo haki sawa! Tena Shule yenyewe iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Nauli na kodi ya chumba ni mtihani kabla ya mtihani.

La ajabu ni kwamba mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi kijana anaangushwa kwa lugha ambayo hakimu, mdai na mdaiwa wameambiwa waiweke kando.

Sisemi kwamba kuna mtu aliyekaa na kalamu akiwatafuta akina Juma na Fatma. Sensa ya nchi hii haijauliza dini tangu 1967, kwa hiyo mtu akiniletea hesabu ya Waislamu walioanguka, humwuliza kaitoa wapi. Manung'uniko ya barazani hayafiki mbali. Mwaka 2012 matokeo ya Maarifa ya Uislamu ya kidato cha sita yalilalamikiwa kwa hoja, na Baraza la Mitihani likayarekebisha. Hiyo ndiyo njia.

Wala hatuombi alama za huruma. Kijana wa Kibimba aliyebebwa atakuja kutuaibisha mahakamani, na mteja wake ndiye atakayelipa. Tunalotaka kujua kwa watunzi wa mtihani ni hili: mtahiniwa akiandika hati ya madai kwa Kiswahili fasaha, kama atakavyoiandika kesho mbele ya hakimu, atapata alama ngapi?