Gamba Husomwa Mdomoni

Mfugaji mgeni wa konokono wa tangi la kioo hukimbilia kutazama kilele cha gamba. Akikuta kimechubuka na kuwa cheupe, anamkataa konokono papo hapo. Akienda na kigezo hicho kwenye fukwe za Kibara, upande wa Ghuba ya Speke, atarudi mikono mitupu, kwa sababu si ajabu konokono mzima na mwenye nguvu wa Ziwa Victoria kuwa na kilele kilicholika.

Kilele ndicho sehemu kongwe ya gamba, alichozaliwa nacho. Kikishaliwa na maji hakirudi, na mwenyewe anachoweza ni kuongeza unene kwa ndani. Urefu mpya unaongezwa mdomoni tu, yaani ukingoni mwa tundu la gamba. Kwa hiyo kilele kinakueleza habari za maji alikotoka, mdomo unakueleza habari za maji aliyomo sasa. Mimi konokono mwenye kilele kibovu na mdomo safi ninamchukua bila kusita. Mwenye kilele kizuri na mdomo unaomeguka namwachia mwingine.

Usimkague akiwa amelowa. Maji yanajaza vishimo na kulipa gamba mng'ao wa uongo. Mfute kwa kitambaa laini, mwache akauke dakika chache, kisha mwinue kwenye mwanga. Tazama pale gamba la zamani linapokutana na jipya. Gamba jema halina ngazi hapo: mistari ya ukuaji inafuatana kwa nafasi zinazokaribiana, na ile ngozi ya nje ya kijani au kahawia imefika hadi ukingoni. Pitisha kucha. Ukisikia imekwama kwenye mfereji, ujue ukuaji ulisimama ghafla, labda alihamishwa maji. Ukiona utepe mpana wa gamba jipya unaopitisha mwanga na kunyumbuka ukibonyezwa, huyo amelishwa sana kwenye maji yasiyo na chokaa ya kutosha. Wafanyabiashara humsifu kwa kukua haraka. Kovu lililozibwa vizuri silihesabu kuwa kasoro. Linaonyesha kwamba siku alipovunjika alikuwa na akiba ya kujengea.

Geuza sasa utazame kifuniko. Cha Pila ovata, yule konokono mkubwa wa mviringo, kina chokaa ndani yake, kwa hiyo nacho hukaguliwa kama gamba. Asiye na kifuniko kabisa mwache ziwani hata akiwa mzuri kiasi gani. Konokono wanaobeba kichocho, Biomphalaria aliyejiviringa bapa na Bulinus, hawana kifuniko. Na unapokusanya usiingie majini miguu mitupu.

Sasa maji, ambako wengi wanakosea hata wakiwa na vipimo. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, na yale matale unayoyaona Bunda na Musoma hayatoi kalsiamu nyingi. Matokeo yake ni maji laini, yenye kalsiamu miligramu chache tu kwa lita. Kipimo cha upitishaji umeme kinasoma takriban mikrosimensi 100 kwa sentimeta, wakati Ziwa Tanganyika linapita 600. Ndiyo maana kule Tanganyika magamba matupu ya konokono aitwaye Neothauma yamelundikana chini ya maji kwa karne nyingi, na kuna samaki wadogo wanaoyafanya nyumba.

Lakini chukua pH ya Ziwa Victoria saa tisa alasiri, mwani ukiwa umefyonza hewa ya ukaa mchana kutwa, unaweza kukuta inakaribia 9. Mtu anafurahi kwamba hakuna tindikali. Ni kweli haipo, ila na kalsiamu nayo ni ile ile kidogo. pH inakwambia kama maji yatalila gamba. Ugumu wa maji unakwambia kama kuna cha kujengea. Ukipima kimoja tu hujajua hali ya maji.

Kwenye tangi ninapenda pH kati ya 7.5 na 8, ugumu wa jumla digrii 8 hivi, na ugumu wa kaboneti usiopungua digrii 5. Huu wa mwisho ndio unaozuia pH isiporomoke usiku, au chakula kinapooza. Huna kipimo? Nawa kwa sabuni ya mche. Povu likija upesi, maji ni laini. Maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika huenda ndiyo unayoyatafuta, ila yaingize kidogo kidogo, robo ya tangi kwa wiki. Mabadiliko ya ghafla ndiyo yanayochora ile mifereji.

Cha kuongezea kipo duka la pembejeo: chokaa ya mifugo, ile ya kuku. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, kutolewa utando na kusagwa, yanafaa pia. Dondoshea ndimu, kikitoa mapovu, ni chenyewe. Kifunge kwenye kimfuko, kiweke maji yanapopita. Uzuri wake ni kwamba kinayeyuka zaidi maji yakielekea kwenye tindikali, na yakitulia kinapunguza. Chokaa ya kupaka ukutani ni kitu kingine kabisa: inapandisha pH hadi karibu 12 na kuunguza kila kilichomo.

Unga wa dagaa na mifupa yake unampa kalsiamu pamoja na protini ya kutengenezea ile ngozi ya nje. Ni chakula bora, mradi kiwe kidogo, maana dagaa akioza anaharibu maji yote. Mchicha anaweza kupewa kila siku.

Na ukinunua dawa ya samaki, soma kwanza ina nini. Salfeti ya shaba ilitumika miaka mingi kuulia konokono wa kichocho, na huyu wako haimbagui. Mhamishe kabla ya kutia dawa, na asirudi mpaka umebadilisha maji pamoja na mchanga.