Shahidi Pekee Ni Mtazamaji

Sehemu ya 19 ya msimu wa 6 wa Star Trek: Deep Space Nine, iliyorushwa Marekani Aprili 1998, inaitwa "In the Pale Moonlight". Sisi mashabiki wa tamthilia hii tukiulizwa sehemu ipi ni bora kuliko zote, wengi huitaja hiyo bila kusita. Sababu inayotolewa huwa ni maudhui: kiongozi mwema anadanganya, anahonga na kufunika mauaji ili upande wake usishindwe vita. Maudhui hayo ni mazito kweli, lakini kiongozi mwema anayejichafua si mgeni katika hadithi za dunia. Kilicho adimu ni ufundi. Kwa muda usiofika hata saa moja, kisa kimepangwa kwa namna ambayo mtazamaji anaingizwa ndani ya siri na kuachwa nayo. Hapa nafuatilia jinsi kazi hiyo ilivyofanyika.

Kisa chenyewe

Shirikisho, muungano wa sayari ambao Dunia ni mwanachama wake, liko vitani na Dominion, dola kutoka upande wa pili wa galaksi iliyoungana na Wakadasia, na mambo yanakwenda vibaya. Waromula, dola nyingine kubwa, wametia saini mkataba wa kutoshambuliana na Dominion, na meli za adui zinapita katika anga yao bila kuzuiwa. Kapteni Benjamin Sisko, mkuu wa kituo cha Deep Space Nine, anaamini kwamba bila Waromula vita hii haishindiki. Anamwendea Garak, Mkadasia aliyefungua duka la ushonaji kituoni, fundi cherehani ambaye zamani alikuwa jasusi. Anamtaka amtafutie ushahidi kwamba Dominion inapanga kuivamia Romulus. Watu ambao Garak anawategemea ndani ya Cardassia wanauawa mara tu baada ya kuzungumza naye. Ushahidi wa kweli haupatikani, kwa hiyo Garak anashauri utengenezwe wa uongo.

Hadithi ilibuniwa na Peter Allan Fields na mswada ukatoka kwa jina la Michael Taylor, ingawa Ronald D. Moore aliuandika upya bila kutajwa. Mwongozaji ni Victor Lobl. Ingawa ni sehemu ya vita, karibu kila jambo zito linatokea kwa watu wawili au watatu kuzungumza ndani ya chumba. Uzito wote umebebwa na maneno, nyuso na mpangilio.

Kumbukumbu iliyogeuzwa matumizi

Tangu Star Trek ya kwanza mwaka 1966, kumbukumbu ya kapteni imekuwa chombo cha kazi. Tunasikia sauti kwa sekunde chache, inatajwa tarehe na mahali meli ilipo, kisha kisa kinaanza. Mtazamaji aliizoea kiasi cha kutoisikiliza. Waandishi walichukua chombo hicho kilichozoeleka wakakifanya nguzo ya kisa kizima.

Sisko anaanza kwa kushindwa kukumbuka hata tarehe. Yuko peke yake chumbani kwake. Anasema anahitaji kulizungumza jambo hili na kulihalalisha, angalau mbele ya nafsi yake. Kisha anafanya jambo ambalo waigizaji wa tamthilia za televisheni hulikwepa: anaitazama lenzi ya kamera moja kwa moja. Hakuna rafiki mbele yake, wala hakimu, wala kasisi. Tupo sisi tu.

Kazi hiyo ilimhitaji mtu wa jukwaani, na Avery Brooks, anayemwigiza Sisko, alikuwa mtu huyo. Kabla ya tamthilia hii alikuwa ameigiza Othello, na alikuwa ameibeba peke yake tamthilia ya jukwaani kuhusu Paul Robeson. Anajua kuzungumza na ukumbi. Anapandisha sauti pale ambapo mwingine angeishusha, ananyamaza katikati ya sentensi, anatembea chumbani kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mikono. Kisa kinavyosonga, koti la sare linatoka mwilini na glasi ya kinywaji inaingia mkononi. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na hapa methali hiyo inatendeka machoni petu, kwa kitambaa na vifungo.

Faida ya pili ya mpangilio huu imo katika muda. Msimulizi anajua mwisho kabla hajaanza, na sura yake inatuambia mapema kwamba mambo hayakwenda vizuri. Kwa hiyo hatungoji kujua nini kitatokea. Tunangoja kuona ni wapi angeweza kuacha, na kila kisa kinaporudi chumbani tunagundua kwamba nafasi nyingine ya kuacha imekwisha kupita.

Ngazi ya bei

Ukitaka mtazamaji akubali jambo kubwa baya, usimwonyeshe jambo kubwa baya. Mwonyeshe madogo kwa mfululizo, na kila moja liwe na sababu. Waandishi walifuata kanuni hii kwa nidhamu ya ajabu.

Kwanza kuna orodha ya vifo, ambayo Sisko huibandika kila Ijumaa. Hakuna anayeweza kumlaumu mtu anayetaka orodha hiyo ifupishwe. Kisha zinakuja habari kwamba Betazed, sayari muhimu ya Shirikisho, imetekwa kwa muda usiofika saa 10. Hapo ndipo Sisko anaamua, na kwa kweli ukiwa mahali pake ungeamua vivyo hivyo. Mpango unapelekwa kwa wakuu wa Starfleet, jeshi la Shirikisho, nao wanaubariki. Baraka hiyo ni hatua ya kiufundi, maana inaigawa hatia kabla haijaiva.

Mtaalamu wa kughushi, Grathon Tolar, anatolewa kwenye gereza la Waklingoni alikokuwa akingoja kunyongwa. Usiku wake wa kwanza kituoni analewa na kumchoma kisu Quark, mwenye baa. Kesi ikifunguliwa, siri itatoka. Sisko anamwendea Quark na kumwomba asishitaki, naye Quark, akiwa bado na jeraha, anataja madai yake moja baada ya jingine. Tazama uso wa Brooks wakati madai yanaongezeka: kila mara anakubali upesi kidogo kuliko mara iliyotangulia. Quark anamshukuru kwa kumthibitishia kwamba kila mtu ana bei yake. Neno hilo limesemwa kwa furaha, na ndiyo maana linauma.

Baada ya hongo inakuja biashara. Kijiti halisi cha data cha Wakadasia kinahitajika ili uongo urekodiwe juu ya kitu cha kweli, na mwenye nacho anataka jeli adimu ambayo mikononi mwa mtu mbaya inaweza kuwa silaha. Aliomba lita 200, wakaafikiana lita 85. Daktari Bashir, anayeigizwa na Alexander Siddig, anadai amri hiyo kwa maandishi na kuahidi kuweka pingamizi rasmi. Sisko anaitoa. Sasa kuna jina lake kwenye karatasi, na bado hakuna aliyekufa. Akili ya mtazamaji inasema: tumefika mbali, tusiishie njiani. Hayo ndiyo mawazo ya Sisko, na mpangilio umeyapanda vichwani mwetu bila yeye kuyatamka.

Glasi moja ya kinywaji

Seneta Vreenak wa Romulus anawasili kwa siri kutazama ushahidi. Stephen McHattie anamwigiza kwa ubaridi wa mtu asiye na haraka. Kabla hajaoneshwa chochote, anakaribishwa kinywaji cha kwao. Anakinusa, anakionja, na anatambua kwamba kimetengenezwa na mashine. Anaeleza harufu ya kile halisi inavyopaswa kuzibua pua kabla hata ya kunywa, kisha anakiri kwamba nakala hii ilikaribia sana kumdanganya.

Onyesho hili ni fupi, na ukilitazama mara ya kwanza unaliona kama majivuno ya mgeni. Ukweli ni kwamba limebeba kazi tatu kwa pamoja. Linatupa tabia ya Vreenak: huyu ni mtu wa kupima, hatamezeshwa kitu. Linatutayarisha kwa kitakachofuata, kwa hiyo atakapokigundua kijiti hatutasema waandishi wamejirahisishia. Na linamweka Sisko katika hofu ambayo hawezi kuionyesha, kwa kuwa mgeni wake amekwisha kuigundua nakala moja ndani ya dakika chache, na nyingine inamngoja.

Anapoigundua hiyo nyingine, Vreenak anakiinua kijiti na kutamka kwa nguvu kwamba ni cha kughushi. Wapo wanaoona McHattie alizidisha hapo. Sikubaliani nao. Amekuwa mtulivu muda wote, na sauti hiyo inapaswa kupasua ukimya kama mlango uliopigwa teke. Sisko hana jibu, na kamera haimpi pa kujificha.

Mauaji yasiyoonyeshwa

Siku mbili baadaye Worf, afisa Mklingoni wa kituo, analeta habari: chombo cha Vreenak kimelipuka. Mlipuko wenyewe hatuuoni. Tunaona uso wa Sisko unapoelewa.

Uamuzi wa kutouonyesha mlipuko ndio ulioiinua sehemu hii. Tungeuona, tungekuwa mashahidi wa tukio. Kwa kutouona, tunalazimika kulijenga kichwani pamoja na Sisko, kipande kwa kipande, na mtu anayeijenga picha mwenyewe hawezi kusema hakujua. Ndipo yale yaliyotangulia yanapobadilika rangi. Mwanzoni kabisa Garak alimwonya kwamba kazi hii ingeweza kuwa ya damu. Wakati Vreenak akikichunguza kijiti, Garak alikuwa na kisingizio cha kukikaribia chombo chake. Kila kitu kiliwekwa mezani, sisi tukakipita.

Sisko anakwenda dukani kwa Garak na kumpiga. Andrew Robinson hampi mhusika wake hata chembe ya majuto. Damu ikiwa mdomoni, anaeleza hesabu yake: Waromula watakipata kijiti ndani ya mabaki, kasoro zake zitaonekana kuwa athari za mlipuko, na kadiri Dominion itakavyokana ndivyo itakavyoonekana kuwa na hatia. Tolar naye amekwisha kuuawa. Kisha anamwambia Sisko jambo gumu kuliko yote, kwamba alimfuata yeye kwa sababu alijua Garak anaweza kufanya yale ambayo Sisko asingethubutu. Tangu hapo ngumi ya Sisko haina haki tena.

Mwisho unaotudai

Waromula wanaingia vitani. Sisko anainua glasi kwa lenzi, anayataja makosa yake yote kwa mpangilio, na kusema kwamba anaweza kuishi nayo. Analirudia neno hilo, na kwa jinsi Brooks anavyolirudia, hujui kama anajieleza au anajilazimisha. Halafu anaiamuru kompyuta ifute kumbukumbu yote.

Wapo wanaoilaumu tamthilia kwa kutolirudia jambo hili. Siri haifichuki, Sisko hashitakiwi. Naiona hoja yao, lakini wanatafuta adhabu ndani ya kisa ilhali mzigo umeshahamishwa nje yake. Angalia mwanzo wa msimu wa 7. Waromula wanajenga hospitali kwenye mwezi wa Bajor, sayari ambayo kituo ni chake, na kuficha silaha ndani yake, na Kira, Mbajor aliye msaidizi wa Sisko, anasimama kidete dhidi ya udanganyifu huo. Ana haki kabisa. Lakini anayetazama anajua kwamba ushirika wenyewe ambao Kira anadai uendeshwe kwa uaminifu umesimama juu ya uongo mkubwa zaidi, na kwamba wa kusema hivyo ndani ya kituo ni wawili tu, nao hawatasema. Vita inapokwisha, katika sehemu ya mwisho iliyorushwa mwaka 1999, ushindi tunaushangilia tukijua ulivyonunuliwa.

Sehemu hii inatukumbusha kwamba hadithi za sayansi zinaweza kutikisa kwa mambo mepesi kuliko mabomu na meli za anga: mtu mmoja, chumba kimoja, na mpangilio ambao kila kitu ndani yake kina kazi. Anayetaka kujifunza kuandika tamthilia aitazame mara mbili. Mara ya kwanza amfuate Sisko, mara ya pili amfuate Garak. Na anayetaka tu kuitazama, ajue kwamba kumbukumbu imefutwa kwenye kompyuta, na nakala iliyobaki anayo yeye.